Mota za Sevo na Draivu Zake kwa Mashine za Kiwandani: Ipi Inunuliwe Kwanza, Ipi Iwe ya Mwisho

Mwenye kiwanda anayetaka kubadilisha mfumo wa kuvuta nailoni kwenye mashine ya kufungashia sukari au sabuni ya unga huletewa profoma mbili tatu, nazo mara nyingi hufanana kwa jambo moja: zimetaja wati za mota ya sevo, yaani mota inayofuata kwa usahihi mwendo na nafasi inayoamriwa, na kusahau mzigo utakaozungushwa. Baada ya hapo mnunuzi hulinganisha bei, akachagua ya katikati, na mashine ikifika huanza kutetemeka kila inaposimama. Kwa hiyo kabla ya kupanga aina za mota kwa ubora, ni lazima tufanye hesabu moja fupi, kwa sababu mpangilio wote unaofuata umesimama juu yake.

Tuseme mashine inatoa pakiti 60 kwa dakika, kila pakiti ikihitaji milimita 120 za nailoni zivutwe ndani ya sekunde 0.4, na rola inayovuta ni ya chuma kilichojaa, isiyo na uwazi ndani, kipenyo chake milimita 80 na urefu milimita 200. Rola hiyo ina uzito wa karibu kilo 8. Ili nailoni ifike kwa wakati, mwendo wake hupanda hadi mita 0.6 kwa sekunde kisha ukashuka hadi sifuri, yaani rola hufikia mizunguko kama 143 tu kwa dakika, ilhali mota ya sevo ya ukubwa huu imeundwa kufanya kazi kwa mizunguko 3,000. Ukiifunga mota ya wati 200 moja kwa moja kwenye rola, inesha ya rola, yaani ule ukaidi wa kitu kizito kukataa kuondoka na kukataa kusimama, itakuwa kama mara 300 au zaidi ya inesha ya mota yenyewe. Kwa kazi ya kuondoka na kusimama haraka, mafundi wengi hawapendi uwiano huo uvuke 10, na wenye kupenda utulivu hubaki kwenye 5. Sasa weka giaboksi, yaani kisanduku cha gia kinachopunguza mizunguko, ya 10 kwa 1. Inesha inayofika kwenye mota hugawanywa kwa mraba wa uwiano wa gia, kwa hiyo hupungua mara 100, na uwiano unashuka hadi karibu 3 au 4. Nailoni ikivutwa kwa nguvu ya nyutoni 50, nguvu ya kuzungusha inayotakiwa kwenye shafti ya mota, pamoja na ile ya kuongeza mwendo, ni kama nyutoni-mita 0.3 bila kuhesabu msuguano. Mota ya wati 200 hutoa 0.64 mfululizo. Tuseme profoma imeandika mota ya wati 750: hiyo hutoa 2.39, na fedha ya ziada inayolipiwa haifanyi kazi yoyote.

Kwa kuzingatia hayo, chaguo ninaloliweka la kwanza, na kwa mbali, ni mota na draivu (kifaa kinachoilisha mota umeme na kuiongoza) vya kawaida vya katalogi, vyote kutoka kwa mtengenezaji mmoja, huku umaalumu wote ukiwekwa nje ya mota: kwenye giaboksi, kwenye flanji ya kuunganishia, na kwenye kebo. Mota na draivu havichanganywi kiholela, kwani enkoda, yaani kihisi cha nafasi ya shafti kilichomo kwenye mota, ya kila kampuni huzungumza na draivu kwa lugha ya kampuni hiyo, na mota nzuri ya Yaskawa haitazunguka kwa sababu tu draivu ya Mitsubishi Electric ina ukubwa uleule. Katika mfano wetu mimi ningechukua mota ya wati 400 badala ya 200, kwa kuwa kwa watengenezaji wengi zote mbili zina flanji ya milimita 60, tofauti ya bei kwa kawaida si kubwa, na rola ikichafuka sukari iliyoyeyuka msuguano huongezeka. Faida kuu ya mota ya katalogi huonekana siku inapokufa: unasoma namba kwenye kibati chake, unaagiza nyingine, unaifunga palepale.

Hata hivyo neno «ya kawaida» lisimlaze mnunuzi usingizi, maana draivu ndiyo inayoharibikia mikononi mwa wengi. Draivu nyingi za Japani na Taiwan za ukubwa mdogo ni za volti 200 hadi 240, ilhali umeme wa fezi tatu viwandani mwetu ni volti 400 nchini Tanzania na 415 nchini Kenya. Nimewahi kusimama mbele ya paneli ambayo fundi, kwa kuona terminali tatu zilizoandikwa L1, L2 na L3, aliingiza fezi zote tatu kama anavyofanya kwenye mota ya pampu; mlio wa kapasita ulisikika hadi ofisini na harufu ilikaa humo mpaka jioni. Draivu hiyo ilitakiwa ipewe volti 230 za fezi moja na nyutro, au ipitie transfoma. Andika basi kwenye oda, kwa maneno kamili, volti, idadi ya fezi na masafa ya hezi 50, na kama mota ni ya kilowati moja na zaidi uliza kwanza draivu ya daraja la volti 400.

Jambo la pili kwenye draivu ni namna inavyopokea amri. PLC, yaani kompyuta ndogo inayoongoza mashine, ikiwa ya zamani hutoa palsi (mipigo mifupi ya umeme), na mashine mpya huenda inatumia mtandao wa kiwandani kama EtherCAT au PROFINET. Draivu za aina moja huuzwa kwa matoleo tofauti yanayotofautiana kwa herufi moja au mbili tu katika namba ya oda, na toleo la mtandao mara nyingi halina kabisa mahali pa kupokea palsi. La tatu ni mwinuko. Watengenezaji wengi huhakikisha nguvu kamili hadi mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na zaidi ya hapo hewa nyepesi hupoza vibaya, kwa hiyo kiwanda cha Nairobi, kilicho karibu mita 1,700, kinapaswa kupunguza makadirio kwa kufuata jedwali la mtengenezaji. Dar es Salaam na Mombasa hazina shida hiyo, lakini zina joto, unyevu na chumvi, na paneli isiyo na feni yenye kichujio safi hupita nyuzi 40 bila mtu kugundua.

Wauzaji hupenda kujisifia enkoda. Enkoda ya biti 17 hugawa mzunguko mmoja sehemu 131,072, na ya biti 23, kama iliyomo kwenye MINAS A6 ya Panasonic, huugawa sehemu 8,388,608. Kwenye rola yetu sehemu moja tu ya enkoda ya biti 17 ni sawa na milimita 0.0002 za nailoni, ilhali mchezo wa meno ya giaboksi ya kawaida unaweza kukaribia milimita 0.1, na nailoni yenyewe hunyumbuka kuliko hapo. Fedha ya biti za ziada iende kwenye giaboksi isiyolegea.

Chaguo la pili ni mota ya katalogi yenye marekebisho ya kiwandani: breki, sili ya mafuta, shafti yenye kabari, au enkoda inayokumbuka nafasi umeme ukikatika. Mhimili wa wima, yaani sehemu ya mashine inayopanda na kushuka, bila breki ni hatari, kwa sababu mzigo hushuka wenyewe. Ila breki hiyo ya volti 24 ni ya kushikilia kilichokwisha kusimama, na anayeitumia kusimamisha mwendo ataila mapema. Enkoda inayokumbuka nafasi mara nyingi hutegemea betri ya lithiamu ya volti 3.6, na hapa tulijikwaa sisi wenyewe: fundi wetu, kwa adabu njema ya kazi, alizima umeme kabla ya kubadili betri, na mashine ikasahau sifuri yake, yaani mahali inapoanzia kuhesabu nafasi. Nusu ya zamu iliishia kwenye kupanga visu upya. Betri hiyo hubadilishwa draivu ikiwa na umeme.

Chaguo la tatu ni stepa, yaani mota inayozunguka kwa hatua ndogondogo, yenye enkoda, kwa mihimili midogo ya taratibu kama kurekebisha upana wa reli. Ni rahisi, hushikilia vizuri ikiwa imesimama, na nguvu yake hushuka sana mwendo ukipanda. Kwa rola ya nailoni nisingeigusa.

Mota iliyotengenezwa kwa mchoro wa mteja, yenye waya za kipekee au isiyo na ganda, naiweka ya nne, ingawa ndiyo inayosikika vizuri zaidi kwenye kikao. Inastahili pale ambapo nafasi haitoshi kabisa au mashine zinazojengwa ni nyingi na zinafanana. Anayenunua moja tu anajifunga kwa muuzaji mmoja na kwa wiki nyingi za kusubiri. Akiwa hana budi, alipie mbili kwa pamoja, na aandike kwenye mkataba kwamba mchoro, data za waya na faili ya vigezo vya draivu ni mali yake.

Ya mwisho ni mota iliyotumika. Kabla ya kulipa, zungusha shafti kwa mkono uhisi beringi, kagua kiunganishi cha enkoda kama kina pini zote, na udai iwashwe pamoja na draivu yake mbele yako. Ikiwa draivu haipo, mota hiyo iachwe hapohapo ilipo.