Nyumba ilishafika lenta, ndipo bwawa likaja

Nianze na nyota kwa wale wasio na muda: zege nyota tano, mabomba tatu, kupokea simu baada ya kulipwa moja. Jina la kampuni iliyotujengea bwawa la kuogelea sitaliweka. Tulikorofishana, tukapatana, na bado nawahitaji.

Tunajenga Mjimwema, Kigamboni. Ramani ya kwanza haikuwa na bwawa wala sehemu ya bwawa. Mama mkwe wangu ana magoti mabovu, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimwambia atembee ndani ya maji kila siku kwa sababu maji yanambebea uzito. Baharini si mbali na kwetu, lakini mtu mwenye magoti yale humpeleki kupigana na mawimbi. Baba Salma akaja na wazo siku tunamwaga lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Namfahamu mume wangu: magoti ya mama yake yalikuwa sababu, ila macho yake yalikuwa kwenye bwawa tangu tuko wachumba.

Nilikubali kwa sharti moja, kwamba mafundi niwachague mimi. Nina duka la dawa, nimezoea watu wanaoniuzia vitu kwa maneno matamu.

Fundi wa kwanza alikuja na simu iliyojaa picha. Akapima kwa hatua za miguu, akaangalia juu kidogo, akasema, "Mama, milioni 22 nakukabidhi unaogelea." Sikuona amepiga hesabu ya kitu chochote. Wa pili alituma makadirio kwa simu bila kukanyaga kiwanja. Wa tatu, ndiye tuliyempa kazi, alikuja na koleo na kijana mmoja. Hakuzungumza bei. Akamwambia kijana achimbe shimo la upana wa ndoo mbili, kina mita mbili, akaniomba nisilifukie hadi kesho yake.

Asubuhi nikachungulia: maji yamesimama mita 1.7 kutoka usawa wa ardhi. Ilikuwa Julai, masika ndiyo kwanza imeisha. Akanieleza kitu ambacho wale wawili hawakukigusa. Bwawa lililojaa linakaa kwa uzito wake. Ukilikausha ili kulisafisha huku maji ya ardhini yako juu, maji yale yanalisukuma kutoka chini kama boti, na zege linaweza kupasuka au kunyanyuka lote. Alipendekeza mambo mawili. Moja, tulipandishe bwawa sentimita 45 juu ya ardhi ili shimo liishie kama mita 1.4. Mbili, sakafuni kiwekwe kiziba kidogo kinachofunguka chenyewe maji ya chini yakizidi nguvu, yaingie ndani badala ya kubeba bwawa.

Ule ukingo wa sentimita 45 ndio jambo bora kuliko yote katika nyumba hii, na naisema hiyo nikiwa nimenunua jiko la bei mbaya. Bibi anakaa ukingoni kama anakaa kitini, anageuka, anashusha miguu, anashika bomba la chuma, anateremka ngazi pana nne. Hakuna anayembeba.

Ubishi ulikuwa kwenye kina. Fundi alitaka upande mmoja uongezwe kina, "maana bwawa bila kina ni beseni, mama." Nikamuuliza nani katika nyumba hii ataruka kichwa. Akamtazama Baba Salma. Baba Salma akatazama mfuko wa saruji. Tukaandika: mita nane kwa nne, kina sentimita 90 hadi mita moja na nusu. Ni kama lita 38,000 za maji, na kila sentimita ya kina niliyoikataa naishukuru ninapopima dawa ya maji ya bwawa.

Mkataba ulikuwa milioni 34. Tumeishia kama milioni 43, na sehemu kubwa ya hiyo tofauti si kosa la kampuni. Ni kwa sababu tulichelewa. Uzio ulikuwa umeshajengwa na geti ni jembamba, kijiko, ile mashine ya kuchimbia, hakipiti. Tukabomoa kipande cha ukuta na kukijenga tena. Shimo la maji machafu lilikuwa limeshachimbwa pale pale bwawa lilipotakiwa, likafukiwa, likachimbwa lingine upande wa pili, na bomba zote za chooni zikageuzwa. Ramani ikarudi manispaa. Hata waya wa umeme wa pampu ulibidi upasue sakafu ya veranda iliyokuwa na wiki mbili tu. Fundi wetu wa nyumba alikuwa akipita anatikisa kichwa kama mtu aliyefiwa.

Hapo pia nilitaka bwawa liwe mita moja na nusu kutoka veranda, nitoke na kikombe changu cha chai nitumbukize miguu. Fundi akakataa kabisa. Alisema kuchimba karibu vile na kwa kina kile ni kuupokonya msingi wa nyumba udongo unaoushikilia, hasa kwenye mchanga wetu huu unaoteleza kama sukari. Likaenda mita nne. Nilinuna siku mbili. Leo kuta za veranda hazina ufa hata mmoja, kwa hiyo nimeacha kununa.

Kwenye zege sina neno. Nondo za milimita 12, matabaka mawili, zimefungwa kwa waya vizuri. Sakafu ilimwagwa siku moja bila kupumzika, na mashine ya kutetemesha zege ilikuwepo mbili, moja ya akiba. Kwenye kiungo cha sakafu na ukuta wakaweka ule utepe wa mpira unaozuia maji. Vijana walimwagilia siku saba, asubuhi na jioni, hata Jumapili. Na matundu ya kunyonya maji sakafuni yako mawili, yameachana zaidi ya mita moja. Nilipouliza kwa nini mawili akasema tundu likiwa moja na mtoto akaliziba kwa mgongo au nywele zikanasa, pampu inamshikilia chini. Yakiwa mawili, moja likizibwa lingine linavuta. Jibu hilo peke yake lilinifanya nisaini malipo ya awamu ya pili bila kuomba punguzo.

Mabomba sasa.

Kabla ya kuweka vigae nilisisitiza bwawa lijazwe, likae wiki. Fundi hakutaka, alisema ni kupoteza siku. Nikamwonyesha mkataba. Tukajaza kwa maji ya kisima chetu. Siku ya tatu usawa umeshuka. Akasema ni jua, Oktoba hii, maji yanakauka. Basi nikachukua ndoo, nikaijaza maji, nikaiweka juu ya ngazi ndani ya bwawa, nikachora alama mbili, moja ndani ya ndoo na moja ukutani. Jua linalopiga ndoo ndilo linalopiga bwawa. Baada ya saa 24 ndoo ilikuwa imeshuka milimita tano, bwawa milimita 26. Tofauti ya milimita 21 kwa eneo la mita za mraba 32 ni zaidi ya lita 650 zinazopotelea ardhini kila siku. Nikamtumia picha. Hakujibu siku hiyo. Kesho yake alikuja na vijana watatu, wakakuta bomba la kurudisha maji halikuzibwa vizuri pale linapopenya ukuta. Ukarabati ulichukua wiki tatu, na wiki moja kati ya hizo ilikuwa ni kusubiri dawa ya kuzibia iliyokuwa "njiani". Kama tungeweka vigae kwanza, tungekuwa tunavibandua.

Kosa kubwa zaidi lilijitokeza Aprili, tumeshahamia. Shimo la pampu walilichimba chini ya usawa wa kiwanja, kona ambako maji yote ya mvua ya uani yanaelekea. Mfuniko mzuri, kufuli nzuri, na hakuna pa kutolea maji. Mvua ya usiku mmoja ikaingia, pampu ikazama, umeme ukakata nyumba nzima. Nilipompigia akasema, "Mama, hiyo ni mvua ya Mungu." Nikamwambia mvua ni ya Mungu, shimo ni lako, mwanangu. Tulivutana wiki mbili na maji yakageuka kijani kama mlenda. Mwishoni tukagawana bei ya pampu mpya nusu kwa nusu, na yeye akajenga jukwaa la tofali lenye kibanda, juu, pakavu. Ilipaswa iwe hivyo tangu siku ya kwanza. Hilo ndilo lililomnyima nyota mbili.

Kuhusu maji ya kisima nisiwafiche, huo ulikuwa ubahili wangu. Boza la lita 10,000 lilikuwa laki na ishirini na nilihitaji manne, nikasema kisima kipo. Ya kisima yalionekana safi kabisa. Nilipoweka klorini mara ya kwanza yakageuka rangi ya chai ya rangi mbele ya wageni. Na mimi mfamasia! Ni madini ya chuma yaliyokuwa yameyeyuka, klorini ikayageuza kutu. Kijana mmoja wa kampuni, mkimya, ambaye ningempa nyota tano peke yake, alikaa siku mbili anachuja, anasafisha chujio la mchanga kwa kugeuza maji, anachuja tena, hadi tukaona vigae vya chini.

Mafunzo ya matumizi yalikuwa dakika kumi na tano na neno moja, "kikombe." Weka kikombe cha klorini, mama. Kikombe kipi? Hiki cha chai, au kile cha bati? Nilikwenda dukani nikaleta mizani. Klorini yetu ya unga ni ya asilimia 65. Kupandisha kiwango kwa miligramu mbili kwa lita katika bwawa langu nahitaji kama gramu 120. Kikombe chake kilikuwa kinabeba karibu mara mbili. Napima kwanza, naweka jioni kwa sababu jua huila klorini, na tindikali ya kushusha pH (kipimo cha uchachu wa maji) naiweka siku nyingine kabisa, kwenye rafu nyingine kabisa. Hivi viwili vikikutana vikavu au kwenye ndoo moja vinatoa gesi inayoua. Vijana wa kampuni waliviacha vimekumbatiana kwenye kibanda. Niliwaita wote watatu, nikawapa somo wakiwa wamesimama.

Umeme watu huniuliza sana. Pampu ni ya nguvu farasi moja, inakula kama uniti moja kwa saa, naiwasha saa sita kwa siku. Kwa LUKU ya nyumbani, elfu kumi inanipa kama uniti 28, kwa hiyo ni kama elfu sitini na kitu kwa mwezi. Maji yanayokauka na kumwagika najaza mara moja kwa wiki kwa bomba la bustani. Ukiongeza dawa, ni gharama ya kusomesha mtoto wa chekechea wa bei nafuu, na yeye hakui.

Kitu kingine hakikuwemo kwenye makadirio yao na sikukiona hadi siku ya kukabidhiwa: uzio wa bwawa lenyewe. Walitukabidhi maji wazi kwenye nyumba yenye mjukuu wa miaka mitatu, wakapiga picha, wakaondoka. Usiku ule Baba Salma aliweka viti vya plastiki kuzunguka bwawa lote na mimi nikalala na dirisha wazi nasikiliza. Kesho yake tukamwita fundi wa kuchomelea: nondo za wima zisizopandika, kimo cha mita 1.2, mlango unaojifunga wenyewe, komeo upande wa ndani na juu. Ilituchukua milioni moja na laki nane. Kampuni inayojua kwa nini matundu ya kunyonya yawe mawili inajua pia kwa nini mtoto asifike ukingoni, na ilipaswa kuniambia Julai.

Je, ningewapa kazi tena? Ndiyo, huyo fundi wa koleo ningempa, mabomba ningemletea mtu mwingine, na ningemwita kabla ya mtu kuchora mstari wa msingi. Bibi anaingia kila siku saa kumi na moja jioni na dera lake, anatembea kwenda na kurudi mara ishirini anahesabu kwa sauti, na akifika kumi na nane hujifanya amesahau anaanza upya. Ngazi za msikitini sasa anapanda bila kushikwa.

Kigae cha ngazi ya pili kimebanduka tangu Jumatatu. Nimempigia fundi, amesema yuko Bagamoyo, atakuja Jumamosi. Hakusema Jumamosi ipi.