Uzoefu wangu na mashindano ya roboti: watoto walinyang'anywa kazi yao

Walimu wenzangu, taasisi ikija shuleni kwenu na maboksi ya roboti, fulana na ahadi ya kulea viongozi wa kesho, ulizeni jambo moja kabla ya mengine yote: siku ya mashindano, nani atashika kompyuta?

Shule yetu ni ya kata, mkoani Tanga. Ubia wenyewe ulikuwa wa pande tatu: sisi, taasisi iliyoleta vifaa, na kampuni iliyotoa fedha. Majina nayaacha. Mashindano yalifuata utaratibu wa FIRST LEGO League, mashindano ya kimataifa ya roboti kwa wanafunzi, na huo utaratibu sina ugomvi nao hata kidogo, naupenda. Roboti hupewa dakika 2 na nusu kufanya kazi mezani, lakini alama za meza ni robo tu. Robo tatu zilizobaki hutoka kwa majaji wanaowahoji watoto: roboti mliibuni vipi, utafiti wenu umegundua nini, mlishirikiana namna gani. Na kazi iwe ya watoto. Mtu mzima anauliza maswali, anatia moyo, mikono yake inakaa mbali.

Wanafunzi wangu waliishika kanuni hiyo. Sensa ya rangi, yaani kifaa cha roboti cha kutambua rangi, iliwatesa sana. Madirisha yakifungwa, roboti inafuata mstari mweusi vizuri, yakifunguliwa, inapotea. Binti mmoja wa kidato cha pili ndiye aliyetambua kwamba shida ni mwanga. Akaongeza hatua ya kuipima upya nyeusi na nyeupe palepale mezani kabla roboti haijaondoka. Hakuonyeshwa na mtu. Nimefundisha fizikia muda mrefu na furaha ya namna ile sijaiona darasani mara nyingi.

Usiku wa kuamkia mashindano, watoto wakiwa wamelala, mratibu wa taasisi akaichukua kompyuta, eti airekebishe kidogo. Asubuhi programu yote ilikuwa nyingine. Nikamfuata. Akanijibu huku macho yake yakiwa kwenye simu: "Mwalimu, wafadhili wanakuja na kamera. Hatuwezi kuwaonyesha roboti inayoyumba."

Ukumbini taa zilikuwa kali. Roboti iliondoka, ikaupita mstari wa kwanza, ikagonga ukingo wa meza, na mota zikaendelea kuzunguka pale pale. Ile hatua ya kupima mwanga mratibu alikuwa ameifuta! Watoto wakabaki wanatazama. Warekebishe nini, na programu hawaijui? Muda ukaisha.

Kwa majaji wakaulizwa kwa nini waliipanga programu hivyo. Wengine wakainama. Binti yule akajibu kwa adabu, "Hii siyo programu yetu. Yetu ilifutwa." Walipotoka nje mratibu akamwita mbele ya kikosi kizima: "Umetuaibisha mbele ya wageni."

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira, na hadi leo hazijashuka. Siku iliyotangulia, taasisi hiyohiyo iliwakalisha watoto kwenye mafunzo ya uongozi, ikawafundisha kusimamia maamuzi yao na kusema ukweli hata mbele ya wakubwa. Binti aliyafanyia kazi aliyofundishwa, akakaripiwa. Nilimwambia mratibu aseme na mimi, amwache mtoto. Akasema mimi sielewi mambo ya ubia.

Nakumbuka mashindano ya FIRST Global, ya roboti kwa vijana wa mataifa mbalimbali, ya mwaka 2017 kule Washington. Wasichana 6 kutoka Herat, Afghanistan, walinyimwa viza mara mbili kabla ya kuruhusiwa, na vifaa vyao vilichelewa njiani, wakabaki na muda mfupi wa kuunda roboti. Waliiunda wenyewe. Walipewa nishani ya fedha kwa ushupavu wao. Hicho ndicho ninachotaka kwa wanafunzi wangu: waachiwe roboti yao, hata ikiyumba.

Je, nishauri shule zikatae ubia wa aina hii? Nilipoanza kuandika nilikuwa nimeshaamua kusema ndiyo. Lakini shule ya kata itapata wapi sensa na mota? Watoto waliokuwa wakikimbia hesabu sasa wanabaki hadi jioni kupima pembe na mizunguko ya magurudumu. Hilo lililetwa na maboksi yale, nami siwezi kulikana. Kwa hiyo ningesema ingieni, ila kwa masharti.

Masharti yangu yalikuwa mawili, niliyapeleka kwa mkuu wa shule mkataba mpya ulipoletwa. Nywila ya kompyuta ikae kwa wanafunzi. Mratibu amwombe radhi binti yule mbele ya wenzake walewale waliomsikia akikaripiwa. La kwanza taasisi imekubali. La pili imejibu kwamba "litashughulikiwa ndani". Ndani wapi, wakati mtoto alidhalilishwa hadharani? Kama jibu ni hilo, mimi sisaini, na maboksi yao waje wayachukue.