Miezi 4 na FreeCAD: maoni ya fundi wa kuchomelea

Mimi ni fundi wa kuchomelea, si mhandisi. Miaka yote nimechora kwa chaki sakafuni, na kwa mageti na madirisha chaki inatosha. Kilichonipeleka kwenye kompyuta, kwenye FreeCAD, programu ya kuchora vitu vyenye unene, ni kitako cha mota. Mteja alileta mashine ya kukatia majani ya ng'ombe na mota ya kilowati 2.2, akataka pleti ya milimita 6 yenye matundu marefu ili mota isogezwe mkanda ukilegea. Jamaa wa kukata kwa plazma akaniambia, "Fundi, niletee faili la DXF. Chaki yako mashine haisomi." DXF ni faili la mchoro ambalo mashine yake ya kukata inalielewa.

Programu za kulipia nilizipita mbali. FreeCAD ni huria na ni bure kweli: haina siku za majaribio, haitaki akaunti, na ukishaipakua (andaa bando la kutosha, ni mamia ya megabaiti) inafanya kazi bila intaneti.

Wiki ya kwanza nusura niifute. Unaifungua unatafuta kalamu, kalamu huioni. Kumbe imegawanywa kama karakana, kila kazi na benchi lake: Sketcher ni la kuchora, Part Design la kuupa mchoro unene, TechDraw la kutoa karatasi yenye vipimo. Ukihama benchi vitufe karibu vyote vinabadilika, na mimi mara ya kwanza nilidhani nimeiharibu. Halafu nunua mausi yenye gurudumu. Kugeuza umbo kwa kidole kwenye laptopu ni adhabu.

Sasa utamu wake. Fundi wa chaki anapiga mstari anasema "hapahapa." Sketcher haijui hapahapa. Unachora mstatili popote, kisha unaupa masharti: upana 280, urefu 220, kitovu kiwe kwenye sifuri. Sharti likikosekana, inakuhesabia mambo mangapi bado yako huru kusogea. Ukilivuta tundu kwa mausi unaliona linatembea. Ukishasema yote, mistari inageuka kijani. Siku nilipoona kijani kwa mara ya kwanza nilimwita mke wangu aje aone. Akaangalia, akaniuliza kama nimekula.

Kuulizwa huko kila kitu ndiko kulikoniokoa. Miguu ya mota yangu ina matundu yenye nafasi ya 160 kwa 140, hilo nilikuwa nalo. Lakini matundu marefu yaelekee wapi? Kwa chaki ningeamua grenda likiwa tayari linanguruma. Nikayachora yafuate shafti, nikatoa karatasi ya A3 kwa ukubwa halisi pale steshenari (waambie wachapishe asilimia 100, la sivyo printa inapunguza ili itoshee), nikaitandika chini ya mota. Mota ingeteleza mbele na nyuma kufuata shafti, na mkanda usingekazika hata siku moja. Nilirudi nikayageuza yale manne yakingamane na shafti, vipimo vingine sikuvigusa. Pleti haikuharibika hata moja.

Lawama zangu sasa. Nilianza na toleo la 0.21, nililopewa kwenye flashi. Nikibadili kipimo cha mchoro wa mwanzo, tundu nililochora juu ya uso wa pleti linahamia uso mwingine au linawaka alama nyekundu. Ni ugonjwa wake wa zamani: programu inachanganya majina ya nyuso. Toleo la 1.0, lililotoka Novemba 2024, limeupunguza sana, ila mimi bado nabandika michoro kwenye bapa za msingi, zile za programu yenyewe zisizohama, siyo juu ya nyuso za umbo. Toleo hilohilo limefanya video nyingi za mafunzo zipitwe na wakati: benchi lililoitwa Path sasa ni CAM, Arch limeingizwa ndani ya BIM, na mwanafunzi unabaki kutafuta kitufe kisichokuwepo. Angalia kwanza mwalimu wako anatumia toleo gani.

Laptopu yangu ina RAM ya GB 4. Inafunguka kwa kujivuta, lakini kwa pleti na fremu ndogo haijanitupa. Hifadhi kazi mara kwa mara hata hivyo.

Kama wewe kazi yako ni kukata pleti bapa tu, sikudanganyi, jaribu LibreCAD, programu nyingine ya bure ya kuchora mistari bapa tu. Ni nyepesi na utaielewa haraka zaidi. Mimi nilitaka kuona kitu kikiwa na unene, nikizungushe, niingize mkono kwa macho nione kama spana itapita.

Kitako kilikatwa, kikafungwa, na mashine inakata majani. Faili nilipolipeleka nilimwambia jamaa namba zote ni milimita, akacheka, akasema wengi hawasemi. Sasa nahangaika na kinga ya mkanda kwa nyongeza ya SheetMetal, ile ya kukunja bati. Kona zinanishinda. Mteja amechoka kusubiri, kwa hiyo hiyo kinga nimeikata jana kwa chaki.