Kuainisha fira wa jenasi Naja: magamba au DNA?

Kwa gharama, magamba yanashinda bila jasho: lenzi, meza na nyoka aliyehifadhiwa kwenye spiriti. Unahesabu safu za katikati ya mwili, kisha magamba ya tumbo, kisha ya chini ya mkia. Hata nyoka wa makumbusho wa miaka mia iliyopita anahesabika. DNA yake, hasa kama alilowekwa kwenye dawa ya formalini, mara nyingi imeshakatikakatika.

Kwa kuaminika, mambo yanageuka. Fira wa majini walikuwa na jenasi yao (kundi la spishi zenye undugu wa karibu), Boulengerina. DNA ikaonyesha kuwa wamo ndani ya Naja, na mwaka 2009 watafiti wa nyoka Wallach, Wüster na Broadley wakaifanya Boulengerina jenasi ndogo tu. Swila mkubwa Naja ashei naye, hadi 2007, alihesabiwa kuwa Naja nigricollis wa rangi ya kahawia. (Ila DNA ya mitokondria, vile viwanda vya nishati ndani ya seli, peke yake nayo hupotosha, maana hurithiwa kwa mama tu.)

Uko porini na nyoka yuko mfukoni? Hesabu magamba. Unataka kubadilisha jina la jenasi? Bila DNA wenzako hawatakusikiliza, ingawa maelezo ya magamba bado watakudai.