Uzoefu wangu: Kuzunguka Ziwa Kivu kwa baiskeli, kutoka Goma hadi Bukavu kwa upande wa Rwanda

Sisi wakaaji wa Goma tumezoea kwenda Bukavu kwa boti. Wengi wetu tumepita mbele ya kisiwa cha Idjwi mara nyingi kuliko tunavyoweza kukumbuka, lakini ukingo wa mashariki wa ziwa letu tunaujua kama mstari wa milima ya kijani tu. Ndiyo sababu niliposikia kwamba kampuni moja ya utalii ya Gisenyi, mji wa Rwanda unaopakana na Goma, hupeleka makundi ya watu kwa baiskeli kutoka Rubavu hadi Rusizi, ambako ukivuka mto unajikuta Bukavu, nilijiandikisha bila kusitasita. Naandika tathmini hii kwa ajili ya wenzangu wa Goma na Bukavu hasa, kwa kuwa maelezo mengi niliyoyasoma kabla ya kuondoka yaliandikwa na wageni waliotoka mbali, nao hawakuwa na sababu ya kueleza mambo ya mpaka na ya bei yanayotuhusu sisi.

Njia yenyewe inajulikana kwa jina la Congo Nile Trail na ina urefu wa kilomita 227. Imepewa jina la mgongo wa milima unaoyatenga maji ya mito hiyo miwili mikubwa. Mvua inayonyesha mashariki ya mgongo huo huishia katika Nile, na ile ya magharibi huteremka hadi Kivu, ikatoka kwa mto Ruzizi kwenda Tanganyika, kisha ikafuata Lukuga mpaka kuufikia mto Kongo. Mwendesha baiskeli anapaswa kulielewa jambo hili kabla ya kulipa hata faranga moja, kwa maana kila kijito kinachoteremka kutoka mgongo huo kimechimba bonde lake kuelekea ziwani, na njia inayakatiza mabonde hayo yote, moja baada ya jingine. Unapanda, unateremka hadi karibu na maji, unavuka daraja la mbao, na papo hapo unaanza kupanda tena. Kilomita 227 kwenye barabara tambarare haziwezi kumtisha mtu mwenye afya. Hapa, hata hivyo, kinachochosha ni vilima, wala si umbali. Tangazo la kampuni lilitaja umbali peke yake na kusema kwamba safari inamfaa mtu yeyote. Kwa maoni yangu maelezo hayo hayatoshi. Mtu ambaye hajawahi kupanda baiskeli kwa saa kadhaa mfululizo kwenye vilima ajizoeze kwanza wiki kadhaa, na barabara ya kutoka Goma kwenda Sake haimsaidii sana, kwa sababu haina miinuko ya namna hiyo.

Kuhusu mpaka, karatasi ya siku moja ambayo wachuuzi wetu huitumia kwenye Petite Barrière, kituo cha mpaka kati ya Goma na Gisenyi, haitoshi, kwani wewe utatokea kituo kingine kabisa, tena baada ya siku kadhaa. Chukua pasipoti au hati ya kusafiria inayokubalika, na uhakikishe imegongwa muhuri wa kuingia, la sivyo utapata shida Rusizi. Usifunge nguo zako katika mifuko ya plastiki, kwa kuwa Rwanda iliipiga marufuku tangu mwaka 2008, na mama mmoja wa kundi letu ilimbidi amwage vitu vyake vyote juu ya meza ya ukaguzi, akavifunga upya katika kitenge. Safari yangu ilifanyika kabla ya Januari 2025, vita vilipoingia Goma. Anayesoma haya leo aulize kwanza hali ya mipaka yote miwili, wa Goma na wa Bukavu.

Lipo pia suala la bei. Kampuni ilikuwa na bei mbili, moja ya raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na nyingine, kubwa zaidi, ya wageni wengine, na sisi Wakongomani tulitozwa ya pili. Nchi yetu ilijiunga na Jumuiya hiyo mwaka 2022, na tulipolieleza jambo hilo ofisini kwa utulivu, tukionyesha hati zetu, walikubali kuturudishia tofauti. Nawasifu kwa kukubali, ila nasikitika kwamba ilitubidi kudai. Malipo yalijumuisha baiskeli, kofia ya usalama, malazi, chakula cha asubuhi na cha jioni, kiongozi wa safari, fundi, na gari la kubeba mizigo. Chakula cha mchana na vinywaji kila mtu alijilipia.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niithamini safari hii kuliko nilivyotarajia, nalo ni namna kundi lilivyoongozwa. Tulikuwa watu wa kila aina: vijana wa Goma wenye miguu ya chuma, walimu kutoka Bukavu, wanafunzi wa Kigali, na mzee mmoja mstaafu ambaye alikuwa mkubwa kuliko sisi sote. Mtu angedhani kwamba kundi kama hilo litavunjika kwenye kilima cha kwanza. Kiongozi wetu alitangulia mbele, na nyuma kabisa akamweka msaidizi ambaye kazi yake ilikuwa moja tu, yaani kutompita mtu wa mwisho hata kama mtu huyo anasukuma baiskeli kwa miguu. Kila penye njia panda, wa mbele walisimama hadi wa mwisho afike, na jambo ninalolikumbuka kwa shukrani ni kwamba wa mwisho alipofika, kiongozi hakutoa amri ya kuondoka mara moja. Alimpa muda wa kunywa maji na kuvuta pumzi kama wengine walivyopata. Nimewahi kutembea na makundi ya kupanda volkano ya Nyiragongo ambamo anayechelewa anafika na kuwakuta wenzake wameshapumzika na wanainuka, hivyo yeye hapumziki kamwe. Hapa halikutokea. Mzee wetu alipoona kijana mmoja anataka kulalamika, alimwambia kwa upole, «Mwanangu, ziwa halihami.» Kijana akasema, «Ndiyo, baba,» na tangu hapo akawa ndiye anayembebea chupa ya maji.

Baiskeli zenyewe siwezi kuzisifu kwa kila kitu. Fremu zilikuwa imara, gia zilibadilika vizuri, na matairi yenye meno yalishika udongo bila kuteleza. Tatizo lilikuwa breki. Sehemu ya kaskazini, kutoka Nyamyumba kupitia Kinunu hadi karibu na Karongi, ni barabara ya udongo mwekundu yenye mawe, na miteremko yake ni mirefu kiasi kwamba vidole vinakufa ganzi kwa kubana breki. Kwenye mteremko mmoja kabla ya Kinunu nilisikia mlio wa chuma kusaga chuma, na breki ya nyuma ikalegea mpaka mkono wake ukagusa usukani. Nilijisimamisha kwa ile ya mbele na kwa kuelekea pembeni kwenye nyasi. Fundi alipoifungua, raba za breki zilikuwa zimekwisha kabisa, limebaki bati tupu, na alipotafuta katika sanduku lake alikuta pea moja tu ya akiba kwa kundi zima. Alinifungia hiyo pea, na jioni ilimbidi apige simu Gisenyi ili nyingine ziletwe kwa pikipiki. Alikuwa kijana mwenye bidii na simlaumu yeye. Kampuni inayojua miteremko ya njia hii vizuri kuliko mtu yeyote ilipaswa kuweka raba mpya kwenye kila baiskeli kabla ya safari, na kubeba za akiba za kutosha. Breki ndiyo uhai wa mtu.

Nje ya hilo, sehemu hiyo ya udongo ndiyo nzuri kuliko zote. Ukishapita kiwanda cha bia na chemchemi za maji moto za Nyamyumba, magari yanapungua na kelele zinabaki za watoto wanaokimbia kando ya baiskeli. Karibu na Kinunu tulisimama kwenye kituo cha kuoshea kahawa, na kwa kuwa kahawa ya Kivu ya upande wetu nayo inatoka kwenye milima kama hiyo, nilikaa pale kwa furaha kubwa. Matunda mekundu yanaingizwa kwenye mashine ya kumenya, mbegu zinachachuka ndani ya matangi, zinaoshwa kwa maji yanayotiririka kwenye mifereji, kisha zinaanikwa juu ya meza ndefu zenye wavu. Akina mama waliozizunguka meza hizo walikuwa wakitoa mbegu mbovu moja moja, kwa vidole vyenye kasi ambayo macho hayawezi kuifuata, huku mazungumzo yao hayakatiki. Nilijaribu kusaidia, na mama mmoja akanionyesha tundu dogo la mdudu kwenye mbegu ambayo mimi niliiona nzima.

Jioni, wavuvi wa sambaza waliondoka na mitumbwi yao iliyofungwa mitatu mitatu, miti mirefu ikiwa imenyooka mbele na nyuma, wakiimba kwa kupokezana ili makasia yaende pamoja. Samaki huyo, tunayemla kila siku Goma na Bukavu, hakuwamo Kivu zamani. Aliletwa kutoka Tanganyika katika miaka ya mwisho ya 1950. Kwa kuwa huvutwa na mwanga wa taa, usiku wa mbalamwezi kali wavuvi hupumzika, hivyo anayetaka kuwaona achague tarehe zake vizuri.

Karongi tulilala vizuri na kula sambaza za kukaanga na michopo ya mbuzi. Kutoka huko unaweza kuuona mtambo wa KivuWatt unaoelea ziwani, ambao tangu mwaka 2016 unavuta gesi ya methani kutoka kilindini na kuipeleka nchi kavu kuzalisha megawati 26 za umeme. Kwa mtu wa Goma, ambaye amekua akionywa kuhusu gesi za ziwa hili, kuona sehemu yake ikiwashia watu taa ni jambo la kufikirisha. Kiongozi wetu alitusimamisha pia kwenye kanisa lililo juu ya rasi, mahali pa kumbukumbu ya waliouawa mwaka 1994. Hakuna aliyepiga picha, na yeye hakutuhimiza kuondoka.

Kusini ya Karongi njia ni lami kwa sehemu kubwa, na hapo nina machache ya kusema. Mwendo ni wepesi, mandhari bado ni ya kupendeza, mashamba ya chai yanaanza kuonekana, lakini malori yanapita kwa kasi na bega la barabara ni jembamba. Gari letu la mizigo lilipaswa kufuata nyuma ya mtu wa mwisho likiwa limewasha taa. Mara nyingi lilitangulia kwenda kuandaa malazi. Hilo nalo lirekebishwe. Nalipongeza, hata hivyo, jinsi walivyoikumbuka Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, ambapo asubuhi yote ni ya kazi za jamii: walipanga tuondoke baada ya kazi kwisha, na baadhi yetu tukashika majembe pamoja na wenyeji wa Kibogora.

Baiskeli tulizirudisha Kamembe, tukavuka Ruzizi kwa miguu, na waliohitaji kurudi Goma wakapanda boti siku iliyofuata. Nilipoiandikia kampuni kuhusu breki na gari, walinijibu kwamba sasa kila baiskeli inawekwa raba mpya kabla ya kuondoka. Usilichukulie jibu hilo kama dhamana. Siku ya kupewa baiskeli Gisenyi, mwombe fundi akufungulie breki zote mbili mbele ya macho yako, uone unene wa raba, na umuulize ana pea ngapi za akiba. Akionyesha sanduku lililojaa, nenda nao, hasa kati ya Juni na Agosti udongo ukiwa mkavu, kwa sababu katika kuongoza watu wa nguvu tofauti sijaona kampuni inayowazidi.