Kurasa Halisi za Spider-Man Zilizochorwa na Steve Ditko, Maktaba ya Bunge la Marekani

Tangu utotoni nimemfahamu Spider-Man kwa rangi zake mbili, nyekundu na bluu, na sikuwahi kujiuliza alikuwa na sura gani kabla ya kutiwa rangi hizo. Jibu limehifadhiwa jijini Washington, katika Maktaba ya Bunge la Marekani, ambako kitengo cha picha kina kurasa 24 za michoro halisi ya toleo la 15 la jarida la katuni la Amazing Fantasy, lenye tarehe ya Agosti 1962, ambalo ndimo shujaa huyo alimotokea kwa mara ya kwanza. Kurasa 11 ni za hadithi yake, na zilizobaki ni za hadithi fupi tatu zilizokuwamo katika jarida hilohilo. Hadithi zote nne zilichorwa na Steve Ditko, kwa penseli na kwa wino, bila msaidizi.

Nianze na utaratibu, kwa sababu wengi hudhani kwamba mahali kama pale ni pa maprofesa peke yao. Chumba cha kusomea kimo katika jengo la James Madison, Barabara ya Independence, mwendo mfupi kwa miguu kutoka kituo cha treni cha Capitol South. Kadi ya msomaji hutolewa bure kwa yeyote aliyefikisha umri wa miaka 16 na mwenye kitambulisho chenye picha. Kwa vitu adimu kama hivi ni lazima uandike mapema, ueleze unachotaka kukiona, na upewe miadi. Mkoba unauacha nje, kalamu ya wino hairuhusiwi, na unaingia na penseli na karatasi tu. Nilihudumiwa kwa upole na kwa subira, na hakuna aliyeniharakisha.

Jambo la kwanza linalomshangaza mtazamaji ni ukubwa. Enzi hizo wasanii wa Marekani walichora kwenye ubao mpana wa karatasi ngumu, na eneo la mchoro lilikaribia upana wa sentimita 32 na urefu wa sentimita 47, kisha kiwandani picha ikapunguzwa hadi kutosha jarida la kushikwa mkononi, lililouzwa kwa senti 12. Kwa hiyo kisanduku ambacho katika jarida kina ukubwa wa sanduku la kiberiti, hapa kina nafasi ya kutosha kwa jicho kutembea ndani yake. Karatasi imegeuka rangi na kuwa kama maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Weusi, ambao kwenye chapa ni mmoja na umetulia, hapa una tabaka: mahali brashi ilipopita mara mbili wino unang'aa, na mahali ilipopita mara moja umefifia. Ukiinamisha kichwa mwanga uje kwa pembeni, unaona pia rangi nyeupe iliyopakwa juu ya wino pale msanii alipobadilisha mawazo. Nilikaa hapo kwa muda mrefu, kwa kuwa sijawahi kuona kwa karibu hivyo mtu akijisahihisha.

Ukurasa wa kwanza ndio nilioupenda kuliko yote. Wanafunzi wamekusanyika upande mmoja, wamechangamka, wanamcheka mwenzao. Upande wa pili yupo Peter Parker, kijana atakayekuwa Spider-Man, miwani usoni, mwembamba, peke yake, na nyuma yake ukutani kimetanda kivuli kikubwa cha mtu na buibui. Hadithi haijaanza, hakuna aliyeumwa na buibui, lakini tayari umeelewa kijana huyu ni nani na kitakachomfika. Stan Lee, mhariri na mwandishi wa hadithi hii, alikuwa kwanza amempa mchoraji mwingine, Jack Kirby, kazi hii, akaiona kuwa imetoka na shujaa wa kishujaa mno, ndipo akamgeukia Ditko. Ukitazama mabega ya Peter katika ukurasa huu unaelewa kwa nini uamuzi ule ulikuwa sahihi. Ni mabega ya mtoto aliyezoea kutochaguliwa.

Ditko alikuwa na umri wa miaka 34 alipochora kurasa hizi, miaka 9 tu tangu aanze kuchapishwa. Alizaliwa Johnstown, Pennsylvania, mwaka 1927, akasomea uchoraji New York chini ya mchoraji wa katuni Jerry Robinson, na katikati ya miaka ya 1950 kifua kikuu kilimrudisha nyumbani kwa muda. Mkate wake ulikuwa hadithi fupi za kutisha na za mafumbo, na hilo linaonekana waziwazi: njia zenye giza, nyuso zenye jasho, vidole vilivyokunjamana kama mizizi. Vidole hivyo, kwa maoni yangu, ndiyo sahihi yake ya kweli. Hakuna msanii mwingine wa mashujaa wa wakati huo aliyeweza kukufanya uhisi hofu ya mtu kwa kutazama kiganja chake tu.

Kisha kuna utando. Vazi la Spider-Man limejaa mistari inayokutana katikati ya uso na kutawanyika kifuani na mikononi. Katika chapa ndogo mistari hiyo huonekana kama kitambaa, ila kwenye karatasi halisi unaona kwamba kila mmoja umevutwa kwa mkono, kisanduku baada ya kisanduku, ukifuata mviringo wa fuvu na mkunjo wa kiwiko. Ditko alieleza baadaye kwamba aliufunika uso wote ili kuficha sura ambayo ingeonekana wazi kuwa ni ya kijana. Kwa uamuzi huo alijitwisha mzigo wa kuonyesha hisia bila uso, na bado alifanikiwa.

Nyumbani nina toleo la kisasa la hadithi hii lililochapwa upya kwa karatasi inayong'aa, na baada ya ziara ile nimeshindwa kulifurahia. Rangi zake ni kali kupita kiasi na zimeizamisha mistari myembamba ya nyuma, hasa ya kuta na mapaa. Anayetaka kumjua Ditko mchoraji asianzie hapo. Atafute chapa yoyote ya nyeusi na nyeupe, hata ya bei nafuu.

Kuhusu bei, kurasa hizi haziuzwi, na ni vizuri iwe hivyo. Mwaka 2021 nakala moja tu ya jarida lenyewe, kitu kilichotoka mashineni kwa maelfu, iliuzwa kwa dola milioni 3.6. Mtu aliyekuwa nazo kurasa zote 24 angeweza kuzitawanya mnadani mmoja mmoja na kutajirika. Badala yake, mwaka 2008 alizitoa bure kwa maktaba, zikiwa pamoja, akaomba jina lake lisitajwe. Ninamshukuru kwa moyo wote, kwa sababu hadithi hii inasomeka vizuri zaidi kurasa zikiwa zimefuatana.

Nilifika ukurasa wa 11 saa yangu ikikaribia kwisha. Kofia ya mwizi aliyemuua Ben, mlezi wa Peter, imeanguka, Spider-Man ametambua kuwa huyu ndiye aliyemwacha apite hapo awali alipokuwa akimkimbia polisi, na baada ya hapo kijana analia akiwa ameivua barakoa. Katika kisanduku cha mwisho Ditko amemchora akiwa mdogo kabisa, anatembea peke yake kuelekea gizani, na maneno ya Lee kuhusu uwezo na wajibu yamepangwa juu yake. Umbo lile dogo limechorwa kwa mistari michache mno. Nilijaribu kulinakili kwa penseli yangu mara tatu, na kila mara nikaweka mistari mingi kuliko yake.