ThinkPad T480 au EliteBook 840 G5: nimekwishachagua, na hasira haijaisha

Anayetafuta kasi ya prosesa au idadi ya matundu ya USB atayapata kwingine kwa dakika moja, kwa hiyo sitayarudia. Mimi ni mtunza hesabu wa kujitegemea hapa Dar es Salaam; kazi yangu ni kutoka kwa mteja mmoja hadi mwingine na kompyuta mpakato begani, na miezi kadhaa iliyopita nililazimika kuchagua kati ya ThinkPad T480 ya Lenovo na EliteBook 840 G5 ya HP, zote za mwaka 2018, zote mtumba, zote zikiwa juu ya meza moja katika duka moja la Kariakoo ambalo sitalitaja jina ingawa ulimi unaniwasha.

Mtumba si aibu. Kampuni za Ulaya hutumia mashine hizi miaka mitatu au minne, kisha huziachia, na nyingine hupitia Dubai hadi kwetu zikiwa bado na nguvu. Kilichonifanya nisishuke chini ya mwaka huo ni Windows 11, kwa sababu Microsoft ilisitisha huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na toleo jipya halizikubali prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane, isipokuwa chache sana. T480 na 840 G5 zenye prosesa za kizazi hicho zinapita. T470 iliyoitangulia, ambayo kwa macho ni pacha wa T480, haipiti, na mawinga, yaani madalali wa Kariakoo, wanalijua jambo hilo vizuri kuliko wanavyokubali kulisema.

Kwa umbo, sitabishana na mtu: EliteBook ni nzuri zaidi. Ni ya alumini, nyembamba, haipindi ukiinyanyua kwa kona moja, na mbele ya mteja anayekupima kwa ulichobeba inakutambulisha kabla hujafungua mdomo. T480 ni plastiki nyeusi inayonasa alama za vidole, na kioo cha ile niliyoonyeshwa kilikuwa kimepauka kiasi kwamba karibu na dirisha nililazimika kukikazia macho.

Hata hivyo niliichukua T480, na sababu ni betri. Ina mbili, moja ndani na nyingine nyuma, na hii ya nyuma unaichomoa kwa kusukuma vifungio viwili tu, ukapachika nyingine iliyojaa huku ile ya ndani ikiendelea kuiwasha mashine, bila kuzima wala kufunga jedwali lililo mbele yako. Betri ya 840 G5 imefungiwa ndani, na ili kuifikia ni lazima ufungue kifuniko chote cha chini. Kwa mtu ambaye umeme humkatikia katikati ya kufunga hesabu za mwezi, huku mteja akimwuliza kila baada ya robo saa kama amemaliza, alumini si hoja. Zaidi ya hayo, EliteBook niliyoonyeshwa ilikuwa imetoka Norwei, na herufi zake za ø na å zilikuwa zimefichwa kwa stika ambazo tayari zilikuwa zimeanza kubanduka. Kubadilisha kibodi yake kunamlazimu fundi kuifumua karibu mashine nzima, ilhali ya T480 hutoka kwa juu kwa kazi ndogo sana.

Basi nikalipa. Kwa takriban wiki moja niliipenda mashine hii kupita kiasi.

Mtu aliyezoea kompyuta nyingine anapohamia ThinkPad hukutana na kero moja: kitufe cha Fn kimekaa kwenye kona ya chini kushoto, mahali ambapo vidole vyetu vinatarajia Ctrl. Mimi hunakili na kubandika tarakimu kutwa nzima, kwa hiyo kosa hilo lilinichosha upesi. Dawa yake ipo na ni ya bure: unawasha mashine, unabonyeza F1, unaingia katika mipangilio ya ndani kabisa, ile inayotangulia Windows, na unaviambia vitufe hivyo vibadilishane kazi. Nikabonyeza F1. Ikaniomba nenosiri ambalo sikuwahi kuliweka.

Lilikuwa nenosiri la msimamizi, lililowekwa na kampuni iliyokuwa ikiimiliki, na nenosiri la aina hiyo kwenye ThinkPad haliondoki kwa kuchomoa kibetri kidogo cha saa kama wengi wanavyodhani. Msimamo wa Lenovo wenyewe ni kwamba ukilikosa, unabadilisha ubao mkuu. Baya zaidi, wamiliki hao wa kwanza walikuwa wamezima pia njia ya F12 ya kuwashia mashine kutoka kwenye flashi, maana yake siku Windows ikiharibika kabisa nitakuwa na plastiki nyeusi yenye betri mbili.

Nikarudi dukani kwa utulivu na heshima zote, nikamweleza kijana aliyeniuzia. Hakuigusa hata mashine. Aliendelea kuangalia simu yake, kisha akasema kwa sauti ambayo wateja wengine wawili waliisikia: “Mama, mashine haina tatizo. Tatizo ni uelewa.”

Uelewa! Mtu ambaye nilikuwa nimetoka kumfafanulia kitu ambacho yeye mwenyewe, kwa uso wake, alikuwa anakisikia kwa mara ya kwanza. Nikamwomba abonyeze F1 mwenyewe. Akabonyeza, akatazama, akaniambia kwamba hiyo ni “usalama wa kiwandani” na kwamba wengine huilipia. Halafu akamwita fundi wao wa ghorofa ya juu, naye akakubali kuitoa kwa kuchezea chipu kwenye ubao, kwa shilingi 120,000 juu yangu, bila dhamana ubao ukiungua. Yaani waniuzie nyumba isiyo na ufunguo, kisha waniuzie na kuvunja mlango. Nilipotoa risiti, nikaonyeshwa muhuri ulio chini yake: mali ikishauzwa hairudishwi. Risiti yenyewe ilisema “laptop 1”, bila namba ya mashine, na kijana akauliza atajuaje kama hii ni ya kwake. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, nami nikaitaja, akacheka.

Tangu siku hiyo kila kitu cha T480 kinaniudhi. Kioo kimepauka zaidi ya nilivyokumbuka, plastiki inalia nikiweka kiganja, hata ile nukta nyekundu katikati ya kibodi, ambayo wiki ya kwanza niliiona ya kifahari, sasa naiona kama chunusi. Nimejiambia mara nyingi kwamba heri ningechukua EliteBook na herufi zake za Kinorwe. Kisha umeme hukatika, nachomoa betri ya nyuma, napachika nyingine, mteja hajui hata kama kuna kilichotokea, na ninaona nimemsingizia asiyehusika, kwa maana EliteBook nayo ina nenosiri la namna hiyo na ingetoka katika duka lile lile, mikononi mwa kijana yule yule.

Kwa hiyo ukiwa umesimama Kariakoo na mashine hizi mbili mbele yako, kabla hujatoa hata shilingi, bonyeza F1 kwenye ThinkPad au F10 kwenye HP nembo inapotokea, uone kama unaombwa nenosiri; kisha dai kwamba Windows irejeshwe upya na iunganishwe na intaneti hapo hapo mezani, kwa kuwa nyingine hufunguka zikidai barua pepe ya kampuni ya Ulaya. Muuzaji akikuambia umeme ni mdogo au foleni ni ndefu, ondoka. Zote zikipita, chukua T480. Au chukua 840 G5, kama ofisini kwako kuna jenereta na wateja wako ni watu wa kutazama mavazi. Mimi bado nasema T480, ila leo nimebonyeza Fn badala ya Ctrl mbele ya mteja, nikapoteza safu nzima ya hesabu, na ukiniuliza jioni hii naweza kukujibu vingine.